Jina la adui: toka Kolwezi ya 1978 mpaka Beni ya leo



Jumamosi moja, kwenye mkutano wetu, mazungumzo yaliangukia vita ya Beni. Ndugu mmoja akasema: «Mambo ya jihadi ni ya huko kwao. Sisi ku Kolwezi tuko na shida yetu ya kobalti na ya kazi.» Tukacheka. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye kilimo, mtoto wa Beni, hakucheka. Tulipotoka inje aliniambia tu: «Yaya, naona mulishasahau vita yenu.»

Neno hilo lilinisumbua wiki nzima. Mimi ni mtu wa kilimo, historia nimesoma kwa kupenda tu. Lakini nilirudi kwenye vitabu, nikaenda pia kukaa na kambo yangu aliyekuwa hapa Kolwezi mwaka 1978. Nilichokipata ni hiki: kwa serikali, jina la adui ni mali. Ukimpa adui wako jina ambalo wakubwa wa dunia wanaliogopa, watakuja na ndege, na askari, na mikopo. Zamani jina hilo lilikuwa «ukomunisti». Leo ni «jihadi». Na jina linaweza kuwa la kweli kabisa, lakini bado tuulize nani analitumia na anapata nini.

Tufuate polepole.

1. Kolwezi, tulipoitwa mlango wa Warusi

Mwezi wa tatu 1977, wapiganaji wa FNLC waliingia Shaba kutoka Angola. Wengi wao walikuwa mabaki ya jandarmeri ya Katanga ya wakati wa Tshombe, au watoto wao, waliokimbilia Angola. Mobutu akapiga kelele mbele ya dunia: ni Wacuba, ni Warusi, ukomunisti unaingia Afrika ya kati. Ufaransa ikatoa ndege, Moroko ikatoa askari 1.500. Ndiyo wandugu, askari Waislamu wa mfalme Hassan II walikuja kupigana hapa kwetu, njia ya Mutshatsha, kwa kumwokoa Mobutu. Wakati ule hakuna aliyeuliza dini yao.

Tarehe 13 Mei 1978 FNLC wakarudi, mara hii wakipitia Zambia, wakakamata Kolwezi yenyewe. Wazungu zaidi ya 100 waliuawa, na Wakongomani mamia. Tarehe 19 Mei askari wa miavuli wa Lejio ya Ufaransa wakaanguka kutoka juu, kesho yake Wabelgiji wakafika, na ndege za Marekani zikabeba mizigo. Wazee wanaiita vita ya siku sita. Kambo anasema: «Shee tulikuwa chini ya kitanda. Bote balikuwa banasema banakuya kutuokoa.»

Sasa angalia jina lile. Hawa «wakomunisti», kabla ya Angola kupata uhuru, walikuwa wamepigana upande wa Wareno dhidi ya vyama vya ukombozi vya Angola. Baadaye tu wakaungana na MPLA. Fidel Castro alikana kwamba Cuba iliwatuma Kolwezi. Kilichowasukuma zaidi kilikuwa hasira ya Katanga na ndoto ya kurudi nyumbani. Lakini ungemwambia nani Paris au Washington mambo marefu namna ile? «Ukomunisti» ni neno moja, na linafungua milango. Mobutu alipata jeshi la kulinda Shaba, lenye askari wa Moroko, Senegali, Togo na wengine, akapata miaka mingine 19 ya kutawala. Sisi tulibaki na makaburi.

Njo vita yetu ambayo mwenzangu wa Beni alisema tumeisahau.

2. Kampala na Khartoum: jina jipya linazaliwa

Tuende sasa kaskazini, kwa sababu adui wa Beni hakuzaliwa Beni. Alizaliwa Uganda.

Miaka ya 1980, kundi la mahubiri la Tabligh lilikua kati ya vijana Waislamu wa Uganda. Wengi wa Tabligh duniani ni watu wa sala na safari, hawana habari ya bunduki. Lakini Kampala kulikuwa na ugomvi mkubwa juu ya nani awe mufti na nani ashike msikiti mkuu wa Old Kampala. Mwaka 1991 vijana wenye hasira walishambulia makao ya Baraza Kuu la Waislamu, polisi wakauawa. Kati ya waliofungwa alikuwepo Jamil Mukulu, kijana aliyezaliwa Mkristo akasilimu. Walipotoka gerezani, sehemu yao wakachukua njia ya silaha. Mwaka 1995 jeshi la Uganda likavunja kambi yao ya Buseruka, karibu na ziwa Albert. Waliobaki wakavuka mpaka kuingia kwetu Zaire. Huko, kwenye milima ya Rwenzori, wakaungana na mabaki ya NALU, waasi ambao mambo yao yalikuwa ya kabila na ufalme wa Rwenzuru, si ya Kurani. Ndiyo ADF hiyo.

Ona basi: toka siku ya kwanza kundi hili lilikuwa na Waislamu wenye madai ya dini, na watu wa mlima wenye madai ya ardhi.

Lakini wakati ule kulikuwa na mtu mwingine kwenye mchezo. Tarehe 30 Juni 1989, Omar al-Bashir alipindua serikali ya Sudan, na nyuma yake alikuwepo Hassan al-Turabi na chama chake cha Kiislamu. Khartoum ikajiona kama kituo cha mapinduzi ya Kiislamu Afrika. Museveni alikuwa anamsaidia John Garang wa SPLA kusini mwa Sudan. Sudan ikajibu kwa kusaidia maadui wa Museveni: LRA ya Joseph Kony, ambaye hata si Mwislamu, na kundi la West Nile, na ADF. Mwezi wa nne 1995 Uganda ikavunja ubalozi na Sudan.

Mobutu, mzee na mgonjwa, aliacha Khartoum itumie ardhi ya Zaire. Yeye hakuwa na habari ya Uislamu. Alimtaka tu mtu wa kumsumbua Museveni. Na Museveni akapata hoja ambayo Marekani ya Clinton iliisikia vizuri: mimi ni ukuta dhidi ya siasa kali ya Sudan. Mwaka 1996 Marekani ikatangaza msaada wa kijeshi wa karibu dola milioni 20 kwa majirani watatu wa Sudan, yaani Uganda, Ethiopia na Eritrea.

Tarehe 13 Novemba 1996 ADF walishambulia Mpondwe, mji wa mpaka mbele ya Kasindi yetu. Uganda ilikuwa tayari inaelekea vita ya AFDL pamoja na Rwanda. Mpondwe ikawa sababu ya wazi. Mwezi wa nne 1997 vita hiyo ikafika Kolwezi na Lubumbashi, mwezi wa tano Kinshasa. Mimi nilikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Kwa hiyo ndugu aliyesema jihadi ni «ya huko kwao», ajue kwamba ugomvi wa Kampala na Khartoum ulisaidia kuangusha serikali iliyokuwa inatutawala hapa.

3. Kisangani na La Haye: hoja inapimwa na mahakama

Usiku wa tarehe 8 Juni 1998, ADF waliingia chuo cha ufundi cha Kichwamba, magharibi ya Uganda. Walifunga mabweni, wakayachoma moto. Wanafunzi 80 walikufa. Wandugu, 80, wa umri wetu, waliokuwa wanajifunza ufundi. Siwezi kuandika juu ya matumizi ya jina hili bila kusema hivyo kwanza. Adui alikuwepo, na alikuwa anaua.

Miezi miwili baadaye vita ya pili ya Congo ikaanza. Uganda ikasema inaingia kujilinda dhidi ya ADF. Lakini jeshi lake halikubaki Rwenzori. Lilifika Kisangani, mamia ya kilometa mbali na mpaka ule. Na huko, mwezi wa sita 2000, Uganda na Rwanda wakapigana wao kwa wao katikati ya mji wa Wakongomani. Watu wa Kisangani nao wanaiita vita ya siku sita, jina moja na letu. Watu wa kawaida wakafa kwa mamia, na hakuna ADF hata mmoja aliyekuwa pale.

Kinshasa ilikuwa imekwisha peleka Uganda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya La Haye mwaka 1999. Hukumu ilitoka tarehe 19 Desemba 2005, na kwangu mimi ni andiko moja muhimu sana kwa anayetaka kuelewa mambo haya. Mahakama ilikataa hoja ya kujilinda. Ilisema hakuna uthibitisho kwamba serikali ya Congo ndiyo iliyotuma mashambulio ya ADF. Ikasema pia kwamba kukamata viwanja vya ndege na miji mamia ya kilometa kutoka mpaka si kipimo cha kujilinda. Na ikaona kwamba askari wa Uganda walipora mali ya asili ya Congo.

Kwa maneno yetu: adui ni wa kweli, lakini safari yako imepita mahali adui alipo.

4. Beni: jina linapata cheti

Baada ya 2001 dunia nzima ilibadilika, na Museveni alielewa haraka kuliko wengi. Mwezi wa tatu 2007 Uganda ilikuwa ya kwanza kutuma askari Somalia katika kikosi cha Umoja wa Afrika, kupigana na Al-Shabaab. Ililipa kwa damu: usiku wa fainali ya kombe la dunia, tarehe 11 Julai 2010, mabomu yaliua watu zaidi ya 70 Kampala. Lakini pia ilipata silaha, mafunzo, na urafiki wa wakubwa ambao hawakutaka kuuliza sana juu ya uchaguzi na wapinzani wa ndani.

Wakati huo ADF walikuwa msituni kwetu. Mwezi wa kumi 2014 mauaji makubwa ya Beni yakaanza, kwa panga na shoka. Mukulu alikamatwa Tanzania 2015 akapelekwa Uganda. Musa Baluku akachukua nafasi yake na kuelekea Dola la Kiislamu.

Mwezi wa nne 2019 mambo mawili yalitokea karibu pamoja. Raisi Tshisekedi, mgeni kwenye kiti, alikwenda Washington akaomba Congo iingie kwenye muungano wa kupigana na Dola la Kiislamu. Siku chache baadaye Dola la Kiislamu likadai shambulio la kwanza eneo la Beni na kutangaza «wilaya» yake ya Afrika ya kati. Ni kama kila upande ulikuwa na haja ya jina lile. Kundi lililobanwa msituni lilipata sifa ya dunia na njia za feza. Raisi ambaye uchaguzi wake ulikuwa na maswali alipata lugha ya kuzungumza na Marekani. Mwezi wa tatu 2021 Marekani ikaandika ADF rasmi kwenye orodha ya magaidi kama tawi la Dola la Kiislamu. Jina likapata cheti.

Mwezi wa tano 2021 Tshisekedi aliweka utawala wa kijeshi Kivu ya Kaskazini na Ituri. Tarehe 16 Juni alikutana na Museveni mpakani kufungua mradi wa barabara, kilometa 223 za kuunganisha Kasindi, Beni, Butembo, na pia Bunagana na Goma. Tarehe 16 Novemba mabomu yakalipuka Kampala. Tarehe 30 Novemba ndege na mizinga ya Uganda ikaanza kupiga msitu wetu, kwa ruhusa yetu. Operesheni ikaitwa Shujaa.

Sasa hesabu nami. Tarehe 9 Februari 2022, La Haye iliamua kwamba Uganda ilipe Congo dola milioni 325 kwa vita ile ya zamani. Kutoka Shujaa mpaka hukumu ile ni siku 71. Jeshi lililokuwa linadaiwa kwa kuingia bila ruhusa lilikuwa tayari ndani tena, limekaribishwa, na nyuma yake katapila za barabara. Miezi miwili baadaye, tarehe 8 Aprili 2022, Congo ikatia sahihi kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Je, ni vibaya? Tuseme ukweli: watu wengi wa Beni walipiga makofi Waganda walipoingia. Mtu anayechinjiwa ndugu haulizi pasipoti ya anayekuja kusaidia. Na kambi kubwa za ADF zilivunjwa kweli. Lakini kundi lilitawanyika. Tarehe 16 Juni 2023 waliua watu 42 Mpondwe, wengi wanafunzi wa shule ya Lhubiriha, miaka 25 na siku chache baada ya Kichwamba. Wengine walikwenda magharibi, Mambasa na Lubero, mahali ambapo hapakuwa na vita ya namna ile. Mwezi wa saba 2025 waliua zaidi ya watu 40 Komanda, waumini wakiwa kanisani usiku.

5. Vita isiyo na jina la bei

Mwezi ule ule wa Novemba 2021, M23 walirudi. Hawa hawana jina la jihadi. Wakubwa walitoa matamko, na kwa miaka hawakufanya mengi zaidi ya hapo.

Halafu tazama Rwanda. Mwezi wa saba 2021 ilituma askari 1.000 Cabo Delgado, Msumbiji, kupigana na waasi wa Kiislamu karibu na mradi wa gesi wa Wafaransa. Ilifanya kazi vizuri, miji ikakombolewa. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ukatoa euro milioni 20 kwa kikosi kile, wakati ambapo wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wanaandika kwamba jeshi hilo hilo liko Kivu nyuma ya M23. Kinshasa ililalamika. Lakini kupigana na adui mwenye jina kubwa huko Msumbiji kulikuwa kumempa Kigali akiba, na akiba hiyo ilisaidia alipoulizwa juu ya Kivu.

Sisi ku Lualaba tunajua biashara. Tunajua kwamba udongo mmoja unapimwa mara mbili: ukiandikwa «shaba» bei moja, ukiandikwa «kobalti» bei nyingine. Na damu ya Mkongomani inapimwa hivyo hivyo, kwa jina lililoandikwa juu ya muuaji.

6. Jina linaficha nini

Hapa narudi kwa kazi yangu. Beni na Mambasa ni inchi ya kakao. Mti wa kakao unaanza kuzaa kiisha miaka mitatu mpaka mitano, kwa hiyo anayepanda anahitaji amani ya miaka mitano mbele. Tunda likikomaa lazima ulivune. Ukichelewa, wakati wa mvua linaoza jeusi na ugonjwa unahamia mti wa pili. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10.000 kwa tani. Mwenye shamba anauawa au anakimbia, na magunia bado yanafika sokoni. Nani amevuna? Ukisema «jihadi» tu, swali hilo linakufa. Na uchunguzi juu ya mauaji ya 2014 ulionyesha kwamba ADF hawakuwa peke yao: walikuwepo wakubwa wa kienyeji wenye ugomvi wa ardhi, na hata maafisa wa jeshi letu. Mwaka 2018 jenerali mmoja wa FARDC aliyekuwa kamanda huko aliwekewa vikwazo na Umoja wa Mataifa.

Jina linaficha pia Waislamu wenyewe. Tarehe 1 Mei 2021, Sheikh Ali Amin, aliyekuwa anasema wazi dhidi ya siasa kali, alipigwa risasi msikitini Beni akiwa katika sala. Mwezi ule ule imamu mwingine akauawa Mavivi. Kama ni vita ya Waislamu na Wakristo, hawa wawili tuwaweke upande gani?

Na mimi nina yangu ya kusema. Mwezi wa kumi na mbili 2021, Shujaa ilipoanza, ujumbe ulizunguka kwenye WhatsApp kwamba mfanyabiashara fulani Mwislamu wa mtaa wetu anatuma feza kwa ADF. Nilimjua. Ndiye aliyenikopesha mbegu za mahindi na mbolea nilipofanya shamba la majaribio la mwisho wa masomo, na hakuniandikisha hata karatasi. Nikautuma ujumbe ule kwa makundi matatu. Sikuwa na uhakika wowote. Wiki iliyofuata vijana walivunja kioo cha duka lake. Alihama. Mpaka leo sijui kama kioo kile kinatoka kwa simu yangu, na deni la mbolea bado sijalilipa lote.

Kwa hiyo sisemi juu ya Mobutu na Museveni tu. Mimi pia nilitumia jina lile, bure, bila hata kupata barabara.

Kuna mambo matatu naomba tuyashike, hasa ninyi mtakaoingia kazi za serikali. Serikali ikituambia adui ana jina fulani, tuulize ushahidi, hata kama jina lina ukweli ndani. Mgeni akiletwa kutusaidia, tuulize anaishia wapi na anatoka lini, sawa La Haye ilivyouliza. Na mapatano yake yasomwe na bunge na watu, kwa sababu ya 1978 na ya 1998 wazee wetu walikuja kuyajua kiisha.

Mwenzangu wa Beni amepanda basi wiki iliyopita, anarudi kwao. Baba yake mdogo ana hektari tatu za kakao ambazo hazijavunwa misimu miwili, na anataka kujaribu kukata matunda yaliyooza na kuanza tena. Nilimwambia angoje. Akanijibu: «Yaya, miti haingoji operesheni.» Nimempa makasi yangu mawili ya kupogolea. Akifika salama ataandika hapa mwenyewe.